Tumegatua hatari, amri imebaki juu

Bomu lililolipua ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam asubuhi ya Agosti 7, 1998 halikutoka porini. Ushahidi uliotolewa kwenye kesi iliyosikilizwa New York mwaka 2001 ulionyesha kuwa matayarisho yalifanyika katika nyumba ya kupanga, Ilala. Ilala hii hii ya kwetu, ambako jirani akikaanga samaki unajua ni changu au kibua. Watu 11 walikufa hapa, na Nairobi asubuhi hiyo hiyo wakafa 213.

Kila mjadala wa kugatua polisi, yaani kuwatoa mikononi mwa makao makuu na kuwakabidhi mikoa, unapozuka, mimi huanzia kwenye nyumba ile. Kwamba mashushushu wa mataifa makubwa hawakujua, hilo limeandikwa sana. Ninachojiuliza ni jambo dogo zaidi. Mtaani pale, nani alikuwa na kazi ya kumjua mpangaji mpya? Na kama kuna mama aliyeshangaa jambo, angemwambia nani, na huyo aliyeambiwa angeweza kufanya nini zaidi ya kujibu "nimesikia"?

Safari hii mjadala umetoka Nigeria. Nchi ya watu zaidi ya milioni 200 ina jeshi moja tu la polisi, kwa mujibu wa kifungu cha 214 cha Katiba yao ya 1999. Magavana 36, wote wa kuchaguliwa kwa kura, wanaitwa wakuu wa usalama wa majimbo yao, lakini kamishna wa polisi aliye jimboni anasikiliza Abuja, makao makuu ya nchi. Magaidi wa Boko Haram waliposhika silaha mwaka 2009, na walipowabeba wasichana 276 wa shule ya Chibok Aprili 2014, wanaotaka polisi wa majimbo wakapata nguvu. Januari 2020 majimbo sita ya kusini magharibi yakaunda kikosi chao, Amotekun. Februari 2024 Rais Bola Tinubu na magavana wakakubaliana kutazama namna ya kuruhusu polisi wa majimbo.

Vijiweni kwetu habari imefika imekatwa kichwa na miguu: kila mkoa upewe polisi wake, ugaidi na ujambazi vitakwisha. Nimeisikia kwenye kahawa Kariakoo, nimeisikia kwenye daladala la Gongo la Mboto, na hata kwa watu waliosoma sheria.

Kwetu haiwezekani kwa namna hiyo, na sababu ya kwanza wala haihusu bunduki. Mkuu wa mkoa hakuchaguliwa na mtu wa Mbagala wala wa Bunju. Ameteuliwa na Rais, na anaweza kutenguliwa kwa taarifa inayotoka saa tatu usiku sote tukiwa tunaangalia mpira. Ukimkabidhi polisi mtu huyo, umetoa hela mfuko wa shati ukaitia mfuko wa suruali. Aliyevaa ni yuleyule. Tena hata leo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa. Nigeria wana gavana wa kuchaguliwa wa kumkabidhi kikosi. Sisi, ukitoka kwa Rais na wabunge, anayefuata kuchaguliwa na wananchi ni diwani, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Katikati hapo wamejaa wateule.

Sababu ya pili ni ya Kikatiba. Polisi ni jambo la Muungano, limeandikwa kwenye Nyongeza ya Kwanza, na ibara ya 147 inapiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote isipokuwa Serikali kuunda jeshi la aina yoyote. (Zanzibar wana vikosi vya serikali yao, SMZ, kama KMKM, JKU na Valantia. Anayeamini kwamba kikosi cha karibu daima ni cha upole, aende Pemba akawaulize wapinzani habari za misimu ya uchaguzi, kisha arudi tuzungumze.) Hata hao Wanigeria wanaoogopa polisi wa majimbo hawaogopi kivuli. Kabla ya mapinduzi ya 1966 walikuwa na polisi wa tawala za wenyeji, na wanasiasa waliwatumia kuwachapa wapinzani wao. Jeshi liliposhika nchi, polisi wale wakaondolewa.

Lakini haya yote ni ya juujuu. Kosa kubwa la mjadala wetu ni kuzungumza kana kwamba ulinzi wa nchi hii wote unakaa makao makuu. Tulishaugatua zamani. Tulichogatua ni hatari. Amri, fedha na maamuzi tukaviacha huko huko juu.

Tazama historia. Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliwapanga watu kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Mgeni akiingia, balozi alitakiwa kujua ametoka wapi na ataondoka lini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vikiwa vimekwisha na bunduki zimezagaa, wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi walichoshwa na wizi wa ng'ombe wakaunda sungusungu kwa pinde, mishale na vipenga. Polisi walianza kwa kuwakamata. Chama, ambacho sasa kilikuwa CCM, kikaona ni bora kuwakumbatia, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili watambulike. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sungusungu ikashuka mpaka mitaa ya Dar es Salaam. Said Mwema alipokuwa mkuu wa jeshi la polisi (IGP) kuanzia 2006, tukaanza kuiita polisi jamii na ulinzi shirikishi. Jina lilibadilika, kirungu kikabaki kilekile.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo tunalipita haraka mno. Mwaka 1992 tuliingia kwenye vyama vingi, na balozi wa nyumba kumi akabaki kuwa kiongozi wa shina la CCM. Mtu mmoja aliyekuwa jicho la mtaa mzima akawa jicho la chama kimoja. Serikali ikashuka kwa njia nyingine, ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Leo nyumba yenye bendera ya chama kingine haiendi kwa mjumbe, ndiye balozi huyo huyo, kumwambia kuwa mpangaji wa nyumba ya pili anaingiza maboksi usiku. Wala simlaumu mjumbe. Yeye yuko pale alipoachwa. Ila kwa upande wa usalama tulipoteza kitu ambacho hakuna kamera ya barabarani inayoweza kukirudisha, na hatukufanya hata hesabu ya tulichopoteza. Wakenya, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 na vifo vya watu 67, waliazima hata jina kwetu, wakaita mpango wao Nyumba Kumi. Wakati huo kwetu ilishakuwa nyumba kumi za kadi.

Sasa njoo Kibiti.

Kati ya 2015 na 2017, Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wilaya za Pwani zilizo mlangoni mwa jiji hili, watu zaidi ya 30 waliuawa. Ukiyafuatilia mauaji yale hukuti matajiri wala mabenki. Unakuta wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama wa ngazi ya chini, na askari. Aprili 13, 2017 polisi wanane waliuawa kwa mpigo eneo la Mkengeni wakiwa kwenye gari lao. Kabla ya hapo, Julai 2015, kituo cha Stakishari hapa Ukonga kilivamiwa usiku, polisi wanne wakauawa na bunduki zikabebwa. Agosti 2016 wengine wanne waliuawa Mbande, nje ya benki.

Wauaji wa Kibiti waliuelewa mfumo wetu kuliko sisi wenyewe. Walijua jicho la dola kijijini ni mwenyekiti mwenye daftari na mhuri, anayelala nyumba ya mlango wa bati, asiye na mlinzi wala simu ya kumwita mtu atakayefika ndani ya saa moja. Wakaanza naye. Alipokufa wa kwanza, wa pili akanyamaza. Alipokufa wa tatu, wengine wakahama, na kijiji kikabaki hakioni. Hapo ndipo ninapopata tabu na wale wanaosema dawa ya ugaidi ni "kuwashirikisha wananchi". Walishirikishwa. Walizikwa.

Lazima niseme na upande wa pili, maana nao ni ukweli. Kilichoyazima mauaji yale ni nguvu kutoka juu. Mwezi Mei 2017 IGP alibadilishwa, Rufiji ikapewa mkoa wake wa kipolisi, bodaboda zikazuiwa usiku, vikosi vikamwagwa, na kufika mwisho wa mwaka mauaji yalikuwa yamekoma. Kwa jambo la silaha nzito, mkono wa taifa hauna mbadala. Oktoba 2020 magaidi waliotoka Cabo Delgado, Msumbiji, walipovuka mto Ruvuma wakashambulia Kitaya, Mtwara, mwenyekiti wa kijiji angefanya nini kwa filimbi? Ila mkono ule wa 2017 ulipita kijijini bila mtu wa kijijini kuuliza umemshika nani na umempeleka wapi. Mwandishi wa Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti habari za huko, alitoweka Novemba 21, 2017, na hadi leo familia yake inasubiri. Kuna familia nyingine ambazo hazikuwa na gazeti la kuziulizia.

Na wapo watakaonikumbusha Agosti 25, 2021, mtu mmoja mwenye bunduki alipoua polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa. Huyo alikuwa mkazi wa hapahapa mjini, na polisi walisema baadaye kwamba alijifunza mambo hayo mtandaoni. Mtaa ungemjuaje aliye chumbani na simu yake? Nakubali, si kila kitu mtaa utakiona. Lakini hata kile unachokiona hauna pa kukipeleka.

Nitoe la mtaani kwangu. Septemba 2022, magenge ya vijana waitwao Panya Road walipokuwa wakiingia nyumba za watu na mapanga, agizo lilishuka kwamba ulinzi shirikishi ufufuliwe Dar es Salaam nzima. Tukaitwa mkutano. Kila kaya itoe shilingi elfu tatu kwa mwezi, vijana wanane wapewe virungu, filimbi na koti moja la mvua la kupokezana. Nilitoa, na sijutii. Wiki sita za kwanza wizi wa vioo vya magari ulikwisha kabisa, na mama lishe wa barabarani akaanza kufungua saa kumi alfajiri bila hofu.

Wiki ya saba wakamkamata kijana saa nane usiku. Aliulizwa, akajibu kwa jeuri, akapigwa. Kumbe ni konda, anatoka kulaza gari, amepanga nyumba ya nyuma ya msikiti wiki mbili zilizopita, na hakuna aliyemjua. Mkono ulivunjika. Ndugu zake wakaja na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na vijana wetu wawili wakalala mahabusu siku tatu. Nilikwenda kituoni pamoja na wazee wawili. Tuliambiwa hao si askari wa kituo, ni watu wa mtaa. Tukaenda kwa mwenyekiti, akasema agizo la ulinzi limetoka juu, yeye alikuwa anatekeleza. Aliyeko juu hatukumpata. Konda alitibiwa kwa mchango wa abiria na matajiri wa daladala wenzake. Kufika Desemba mhazini alikuwa amehama na daftari la michango, na lile koti la mvua sijui liko wapi.

Ningeweza kulisimulia kama kichekesho cha mtaa, na mara nyingine hufanya hivyo. Lakini ndani yake muundo mzima unaonekana: aliyeagiza hana jina, aliyelipa hana risiti, aliyepiga hana mafunzo, aliyepigwa hana wa kumshitaki, na polisi wana haki ya kusema hawahusiki. Burkina Faso walipita njia hii hadi mwisho wake. Januari 2019 walinzi wa kienyeji waitwao Koglweogo walituhumiwa kuua Wafulani wengi huko Yirgou. Mwaka mmoja baadaye bunge likapitisha sheria ya kuwapa raia wa kujitolea silaha, na tangu hapo nchi imezidi kuwaka. Kugawa bunduki bila kugawa uwajibikaji ni kuongeza makundi yenye bunduki, basi.

Kwa hiyo nasema nini? Nataka ugatuzi, ila wa kitu kingine. Silaha, upelelezi wa ugaidi chini ya sheria ya 2002, mipaka na maabara vibaki kwa taifa. Kitakachoshuka ni wajibu wa kujibu.

Ibara ya 146 ya Katiba, kifungu kidogo cha pili, inazipa serikali za mitaa kazi ya "kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi". Maneno hayo yapo, yamekaa kama sahani nzuri za kabatini zinazosubiri mgeni. Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Mganga mkuu anakuja na taarifa, mhandisi anakuja na barabara zake, wanaulizwa hadi jasho linawatoka. Mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, hana pa kukalishwa namna hiyo. Hajibu kwa diwani kwa nini kata fulani haina doria, wala kwa nini kesi za wizi wa kutumia nguvu zinafia kwenye jalada. Hapa Dar es Salaam hata ramani haikubali: tuna wilaya tano, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, lakini mikoa ya kipolisi ni mitatu. Diwani wa Ubungo akitaka kumjua kamanda anayeamua juu ya kata yake, itabidi atazame Kinondoni. Watu karibu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, na hakuna kikao hata kimoja cha watu wa kuchaguliwa ambako polisi wa eneo anawajibika kufika na kuhojiwa.

Mkaguzi wa polisi wa kata ni hatua nzuri, na nimekutana na wawili wachapakazi kweli. Lakini mkaguzi anapandishwa cheo na anahamishwa na wakubwa wake tu. Akiwa mzuri anaondoka kabla hajazijua nyumba za kata, akiwa mbaya anabaki mpaka wakubwa wachoke. Kata ipewe walau sauti ya kuandikwa kwenye tathmini yake.

Fedha nazo. Mitaa mingi ya jiji hili wananchi wamejenga vituo vya polisi kwa michango, tofali kwa tofali, wakapaka rangi, wakangoja askari. Wanaojenga kituo wana haki ya kuona bajeti yake ya mafuta. Sina hamu ya kurudia hadithi ya mwananchi anayeombwa mafuta ya difenda ili mtuhumiwa afuatwe. Msomaji anayo ya kwake.

Kisha ulinzi wa mtu anayesema. Tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Muulize mjumbe wako kama aliwahi kuisikia. Watu wa mitaani wanaamini kwamba taarifa unayotoa asubuhi, jioni iko kwa mhalifu, na imani hiyo peke yake inatosha kuua upelelezi. Kibiti ilitufundisha bei yake. Mwenyekiti anayetakiwa kuwa jicho apewe namba ya dharura inayojibiwa, bima, na njia ya kupeleka habari bila jina lake kusomwa kaunta mbele ya watu wanaosubiri dhamana.

Na ukamataji. Kwa desturi, polisi wakija kupekua nyumba humwita mjumbe au mwenyekiti asimame shahidi, aone kinachotolewa uvunguni, aweke sahihi. Desturi hiyo nzuri iwe amri kwa kila mtu anayechukuliwa, ili mtaa ujue ni askari gani, wa kituo gani, saa ngapi. Septemba 2024 kada wa Chadema, Ally Kibao, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, na mwili wake ukapatikana Ununio. Jina la "watu wasiojulikana" limekaa kwenye Kiswahili chetu tangu mwaka 2017 kama kwamba ni kabila. Katika mfumo ambao kila anayekamata lazima ajitambulishe kwa mwenyekiti, asiyejitambulisha ni mhalifu hapohapo, na mtaa una haki ya kupiga yowe.

Tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023. Zilizofuata ni semina nyingi. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na zile siku za amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa. Rais aliunda tume nyingine kuyachunguza ya wakati huo, nami sitaihukumu kazi yake hapa. Ninachojua ni cha mtaani: kuna nyumba Dar es Salaam ambazo leo zikiona kitu cha ajabu kwa jirani, zitafunga pazia. Anayepanga ubaya anahitaji mapazia hayo kuliko anavyohitaji baruti.

Watasema madiwani wenyewe ni wala rushwa, na OCD akiwa chini yao watamtuma kukamata wadeni wao. Wengine wangefanya hivyo kweli. Ndiyo maana sikusema wamwamuru. Nimesema wamuulize, mbele ya watu, na majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakenya waliandika kwenye sheria yao ya polisi ya 2011 kuwepo kwa mamlaka za polisi za kaunti, wakaziacha zidorore, na Aprili 2, 2015 chuo cha Garissa kilipovamiwa alfajiri kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika mchana. Vijana na walinzi 148 walikufa. Sheria peke yake haijawahi kuwasha gari.

Wiki iliyopita nilimpitia mwenyekiti mmoja wa mtaa, mzee wa siku nyingi, nikamwamkia, tukakaa barazani kwake. Nilimuuliza ulinzi wake ni upi. Akaingiza mkono kwenye droo akatoa mhuri. "Huu hapa, mwanangu. Na filimbi, ila imepasuka."

Nikamuuliza kama ana namba ya mkuu wa kituo.

"Ninayo."

"Anapokea?"

"Nikimwambia kuna wapinzani wanataka kufanya mkutano uwanjani, anapokea mlio wa kwanza. Nikimwambia kuna nyumba siielewi, ananiambia niandike barua."

Barua ameandika. Nakala iko kwenye droo ileile, chini ya mhuri, na tarehe yake ni ya Machi.